Chupa Iliyozibwa kwa Gunzi

Harufu ya mawese yanayochemka huingia kwenye nguo na haitoki kwa sabuni ya siku moja. Nikiisikia, namwona baba yangu, Shabani mpiga gita, amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba yetu hapa Rumonge, chupa miguuni, kitambaa mkononi. Unyevu wa ziwa ulikuwa unazila nyuzi za gita kwa kutu, na nyuzi mpya hazikupatikana ila kwa mtu aliyetoka Bujumbura. Kwa hiyo kila asubuhi baba alilowesha kitambaa kwa mawese, akazipaka nyuzi moja moja, akazipangusa, ndipo akapiga. Mimi ndiye niliyetumwa Kizuka kwa shangazi kuijaza ile chupa. Ilikuwa chupa ya bia, kama chupa zote za mafuta za kwetu, na niliiziba kwa gunzi la mahindi.

Sikatai kwamba alikunywa. Mwaka wa Uhuru, kuanzia Magara hadi Minago, kila mtu alitaka awapigie, na kila aliyeshangilia alimwekea bia mezani. Baada ya bia ikaja kanyanga, pombe kali ya kienyeji, na baada ya kanyanga mama akawa anamwokota barazani. Lakini Ramadhani moja, nikiwa nimeanza shule, aliapa akaacha. Mama hakumwamini upesi. Kila baba alipoingia alimwita kwa jina langu, "Baba Zena, pumua nisikie." Naye alipumua kama mtoto aliyeshukiwa kuiba sukari, sisi watoto tukacheka. Alipumua hivyo miaka mitatu, na hakukamatwa hata siku moja.

Mwaka wa 1972, mvua zikiwa hazijakatika, watu walianza kuchukuliwa na askari mchana kweupe. Gari likasimama mbele ya kwetu, baba akiwa anapaka nyuzi. Kando ya wenye bunduki alikaa Anatoli, mpiga ngoma wake, mtu aliyekula ugali na baba katika sahani moja. Ndiye aliyenyoosha kidole. Kikulacho ki nguoni mwako. Baba alimpa mama gita, akasema, "Ufunike, vumbi iko mingi." Hatukumwona tena. Hatukupewa maiti ya kuosha, na mama alikaa eda bila kaburi la kwenda kuombea.

Watu huwaombea maadui zao kifo. Mimi nilimwombea Anatoli umri mrefu, na Mungu alinisikia.

Maana juzi wamekuja watu wa filamu, wameleta filamu yao juu ya baba. Wana picha moja ya baba, ile aliyopigwa kwenye kiti chake, chupa miguuni. Wanaisogeza polepole mpaka chupa inajaa ukuta mzima, huku sauti ya huzuni ikisema mpiga gita mpendwa alilewa akazama ziwani. Gunzi linaonekana wazi! Wageni hawakulijua, na kwa hilo nawasamehe kidogo. Lakini Anatoli ni mtu wa hapa. Nani amewahi kuziba bia kwa gunzi? Amekaa ndani ya filamu hiyo na koti lake, analia: "Pombe ndiyo ilimuua rafiki yangu. Nilimukataza, hakunisikia." Machozi yake wameyapiga picha vizuri sana. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu imechukua zaidi ya miaka hamsini.

Nilikuwa nimeshaiona kwenye simu ya mpwa wangu, kwa hiyo siku walipoionyesha hapa mjini, alasiri, sikwenda mikono mitupu. Anatoli alikuwa amekaa mbele, kwenye meza ya wageni wa heshima, anapewa pole. Zamani mama alimjua mkweli kwa kunusa pumzi yake. Siku hizi picha ikisogezwa karibu na muziki ukiwekwa chini, watu wanaamini na kupangusa macho.

Nikaiweka mbele yake chupa niliyokuja nayo. Nikang'oa gunzi, nikamimina glasi ikajaa, nyekundu. Harufu ikaenea, na wamama wa nyuma wakaanza kunong'ona, kwa maana mawese wanayajua.

"Kunywa, muzee Anatoli. Si ulisema hii ndiyo ilimuua?"

Hakuigusa. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa, na ukumbi wote ukainua shingo kumtazama. Nikamwinamia karibu, kama mama alivyomwinamia baba mlangoni.

"Basi pumua," nikamwambia. "Pumua, tusikie."