Mpira wa Bi Asha

Bora niseme mwenyewe kuliko kusimuliwa na majirani.

Mimi ni mwalimu wa michezo, mgeni hapa Tibirinzi. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya siku tatu ya kukagua mipira, na kichwa kilinivimba kwa ujuzi. Jirani yangu Bi Asha, mama mtu mzima, alikuwa anakwenda Wambaa kwa dada yake. Akaniletea mpira wa ngozi ulioshonwa kwa mkono.

"Mwalimu, niangalizie mpira huu mpaka nirudi."

Nami nikauangalia kama nilivyofundishwa! Nikaupima uzito kwenye mizani ya dukani. Nikaudundisha sakafuni nione unaruka kiasi gani. Nikauloweka ndooni nijue unanyonya maji kiasi gani. Mwisho nikaufumua, nikahesabu vipande vyake vyote.

Bi Asha aliporudi, nikamtandazia vipande barazani, nikaanza somo.

"Mzito kupita kiasi, Bi Asha. Unanyonya maji. Na mishono hii ya mwisho imekwenda upande, fundi alikuwa na haraka."

Akakaa chini taratibu, akaokota kipande kimoja, akakipangusa kwa upindo wa kanga yake.

"Hakuwa na haraka," akasema. "Mkono ulikuwa ushaanza kufa ganzi. Huu ndio mpira wa mwisho alioushona marehemu mume wangu. Paa langu linavuja, mwanangu. Nilikuachia wewe kwa sababu nilichelea usije ukarowa."