Ubao Uliooza Ubavuni

Boti ile nimeipaka rangi mara mbili, na mara ya kwanza niliipaka vibaya.

Mimi ni fundi wa vyombo. Kwetu ni Makunduchi, lakini kazi nimeifanya zaidi Maruhubi, nje kidogo ya mji, ambako mashua hupandishwa pwani kutengenezwa. Hii ilikuwa boti ya matembezi, ya mbao, yenye tanga na vitanda viwili ndani. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno wa mjini, mtu aliyependa kulala baharini kuliko nyumbani kwake. Alipofariki kwa maradhi ya moyo, ikabaki kwa mkewe, mkunga mstaafu wa mtaa wa Malindi pale mjini, ambaye nusu ya watoto wa mtaa wake wamepita mikononi mwake. Sote tukimwita Bi Mkubwa.

Boti ilikaa juu ya magogo mwaka mzima. Kisha siku moja Bi Mkubwa akanijia, akanambia anataka itengenezwe, kwani dada yake yuko Matemwe na yeye amezoea kumwendea kwa bahari. Mpwa wake ndiye atakayeiendesha.

Akawa anakuja kila asubuhi. Alivaa glavu za hospitali, akachukua msasa, akasugua upande wa kulia. Mimi nilikuwa upande wa kushoto, nikikwangua rangi ya zamani. Siku ya nne chuma changu kikazama ubavuni kama kinachoingia kwenye boga lililoiva.

Nilipajua mahali pale. Miaka mitatu nyuma niliukuta ubao huo umeanza kulainika. Daktari alikuwa na haraka, anataka boti iingie majini kabla bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, halijapita, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikachokoa kidogo, nikajaza puti, nikapaka rangi. Aliponiuliza, nilimjibu kuwa mbao zote nzima. Akaenda nayo baharini miaka miwili, na sasa uozo ulikuwa umekula ubao mpaka kwenye taruma, ule mti unaoushikilia kwa ndani. Ngumi yangu iliingia yote.

Nilipafunika kwa kipande cha turubai, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi nilikaa kitambo. Ningeweza kusema ni uozo wa mwaka huu, na hakuna ambaye angejua. Mwishowe nikamwita.

Aliweka msasa chini, akaja, akaingiza vidole taratibu huku akitazama kwengine, kama wafanyavyo wakunga.

"Ulijua?" akauliza.

"Nlijua. Nlipaziba kwa puti."

"Na yeye?"

"Hakujua. Nlimwambia ni nzima."

Akavitoa vidole. Kisha akasema, bila ya kupandisha sauti, "Mume wangu akilala upande huu. Kichwa chake kilikuwa hapa."

Alivua glavu akaondoka. Siku mbili hakuja. Sikuigusa boti, maana niliona haki ya kuigusa imenitoka. Niliwaza kuwa atatafuta fundi mwengine, na sikuona la kumlaumu.

Siku ya tatu alikuja mapema kuliko mimi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikaanza kumtaka radhi, akanikata.

"Radhi itakuja wakati wake. Wewe kila siku nambie ulichokiona humu ndani. Chote."

Ndivyo tulivyofanya. Nilitoa mbao nne na taruma mbili. Kila jioni nilimweleza: hapa mti mzima, hapa msumari umeliwa na kutu, hapa sina hakika, kesho nitafungua zaidi. Mara nyengine habari ilikuwa mbaya na kazi ikarefuka. Alisikiliza, akauliza maswali mafupi, akarudi kwenye msasa wake. Nikaweka mbao mpya za mvule, nikakalafati kwa pamba, nyufa zote zikazibwa, nikampa yeye brashi apake mkono wa kwanza wa rangi. Alichagua nyeupe juu na nyekundu iliyoiva chini. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu.

Boti iliposhushwa ilivuja kidogo, na nilikuwa nshamwambia kuwa mbao zilizokauka huvuja mpaka zivimbe. Baada ya siku mbili ikakauka ndani. Akanitaka nifuatane nao mpaka Matemwe, nikafuatana.

Tulilala Nungwi, tukafika siku ya pili. Dada yake alikuja kwenye maji mafupi ya pwani, doti la kanga limemrowa hadi magotini, akaizunguka boti akiitazama. Akauliza nani kaifanya kazi ile.

"Fundi wangu huyu," Bi Mkubwa akajibu, akanipa mkoba wake nimshukie nao.

Tulikula pweza kwa wali, na kesho yake nikarudi mjini kwa gari. Tangu hapo kila mwenye chombo namwonyesha uozo kabla sijaugusa. Wawili walikasirika wakahamisha vyombo vyao kwa mafundi wengine. Nimewaacha waende.