Uzi wa Bikira

Juzi mjukuu wangu alilia kanisani kwa sababu uzi wa medali yake ya Bikira Maria ulikatika. Mimi nililia siku nilipovishwa wangu.

Nilikuwa mtoto mdogo, mapadri wamenikomboa sokoni Bagamoyo, na shingo yangu bado ilikuwa na kidonda cha kamba ya msafara wa watumwa. Alasiri ile kanisani kulinuka ubani na chokaa mbichi. Wasichana wote walikuwa wamepiga magoti mbele ya sanamu ya mwanamke mwenye ushungi wa buluu, na kila mmoja ana uzi shingoni. Nikajua huyo ndiye bibi aliyetununua.

Mtawa aliponijia na uzi mkononi, nilirudi nyuma hadi ukutani.

“Tulia, mdogo wangu,” alininong'oneza Rozina, msichana aliyenipa uji asubuhi. “Ni wa Mama huu.”

Hilo ndilo nililoliogopa.

Fundo lilipokazwa nilifumba macho, nikilia bila sauti, nikaupapasa uzi polepole kuzunguka shingo, nikitafuta upande wa pili umeshikwa na nani. Mkono ukarudi pale pale ulipoanzia.

Hata leo, kabla ya kusali, huupapasa kwanza. Mjukuu wangu anadhani ni ibada.