Mabano ya Kengele

Nilikuwa mwalimu mbaya niliyejua kujifanya mzuri. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilifundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Kitale, ghorofani, juu ya duka la mbegu. Mashine zilikuwa sita, wanafunzi ishirini na wawili, na stima ilikuja ilipopenda. Kwa hivyo JavaScript, lugha ya kuiagiza kompyuta, tuliiandika kwanza kwenye madaftari. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu, na aliyegusa kompyuta ni yule niliyemruhusu.

Sheria yangu ilikuwa moja: jina la fanksheni lisionekane bila mabano. Fanksheni ni maagizo uliyoyafunga pamoja ukayapa jina, na ukiandika jina hilo na mabano matupu, (), mwishoni mwake, maagizo yanatekelezwa. Elimu yangu iliishia hapo. Aliyesahau mabano aliandika mstari huo mara mia, awe kijana awe mzazi.

Kulikuwa na mama mmoja aliyenizidi miaka kumi hivi. Mchana alifundisha kupiga chapa hapo hapo chuoni, na saa kumi aliketi darasani kwangu. Mumewe alikuwa amefariki. Watoto wake watatu walikaa na nyanya yao Kanduyi, karibu na mji wa Bungoma, naye aliwaona wikendi tu. Mwenye chuo alipotangaza kwamba anafungua tawi Bungoma na anatafuta mwalimu mmoja, mama huyu hakuficha. Akiipata nafasi ile, atalala nyumba moja na watoto wake. Mimi pia niliitaka. Sikuwa na sababu kubwa, baridi ya Kitale tu ilikuwa imenichosha.

Wiki hiyo niliwapa zoezi la kengele. Unaunda kitu kinachoitwa kengele, unakikabidhi fanksheni inayoitwa lia, ili mtu akibonyeza kitufe ujumbe utokee. Mama akaandika kengele.lia = lia, bila mabano. Nilikata mstari ule kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

"Mama, hicho kichwa unabebea nini?" niliuliza.

Vijana wakacheka, na nilifurahia kicheko chao. Akaandika mara mia, kwa mwandiko safi, mabano yote mahali pake.

Siku chache baadaye nikasoma kitabu cha kuazima nikagundua kwamba mama alikuwa sawa. Ukiweka mabano, unaiamrisha fanksheni ifanye kazi papo hapo, na kengele inabaki mikono mitupu. Ukiyaacha, unaikabidhi kengele kazi yenyewe, iifanye itakapoitwa. Ni tofauti ya kumlimia mtu na kumpa jembe. Nilikifunga kitabu nikanyamaza. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

Siku ya kujaribiwa, mwenye chuo alituketisha sisi wawili kila mmoja na mashine yake, akataka kengele. Yangu, niliyoiandika bila mabano, ililia nilipobonyeza. Ya mama ilitoa ujumbe ukurasa ulipofunguka tu, kabla hajagusa kitu. Alipobonyeza kitufe, kimya. Alama ya njano ya kuonyesha kosa ikatokea kwenye kona ya chini ya skrini. Akabonyeza tena, na tena. Mabano yale niliyaona tangu alipoyaandika, na niliona raha, afadhali niseme ukweli.

"Nani alikufunza hii kitu?" mwenye chuo aliuliza.

Mama alinitazama. Mkoba ulikuwa magotini pake, na ndani yake lile daftari lenye wino wangu mwekundu. Aliushika mkoba, hakuufungua.

"Nimekosea mwenyewe," alisema.

Mwenye chuo akanigeukia. "Si wewe ndio unawafunza?"

"Niliwafunza vizuri. Huyu ndio hashiki, bana."

Kwenye ngazi alinisubiri.

"Mwalimu, ile yangu ya kwanza, yenye ulikata. Si ilikuwa sawa?"

"Sikumbuki, Mama."

"Mimi nakumbuka. Niliandika mara mia."

Alirudi kwenye chumba chake cha chapa, na mwezi uliofuata mimi nikahamia Bungoma, nikapanga nyumba Kanduyi. Sikujua kwamba nimepanga njia moja na nyanya wa wale watoto. Kila Ijumaa nikitoka kazini niliwakuta watatu wameketi kando ya barabara wakimngoja mama yao. Walinijua, kwa kuwa mama alikuwa amewaonyesha: huyu ndiye mwalimu wangu.

Ijumaa moja yule mdogo alinifuata hadi mlangoni.

"Mwalimu, mama anasema bado hajajua kompyuta, ndio maana anakaa Kitale. Si umfunze haraka ndio arudi?"

Ningeweza kusema lolote. Nilimwambia mama yake ana kichwa kigumu. Alikuwa na miaka sita hivi, akaniamini.