Mtori wa Kitanda cha Jirani

Siku yangu ya kwanza wodini niligombezwa kwa kukimbia. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha uuguzi, na Muuguzi Mfawidhi, yaani mkubwa wa wodi ya wanaume, alinikabidhi kichupa cha damu nikipeleke maabara. Nikatoka mbio. Fundi Sanifu wa maabara, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikizungusha kile kichupa kwenye mashine yake, kisha akaniita nione. Maji ya juu, ambayo hutakiwa kuwa ya manjano, yalikuwa mekundu.

"Binti, ulikuwa unafukuzwa na nani?"

"Hakuna mtu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Damu haikimbizwi. Ukiitikisa, chembe zinapasuka, potasiamu iliyomo ndani inamwagika. Mimi naandika kwamba mtu yuko mbioni kufa, kumbe amekaa kitandani anakula ugali. Kalete nyingine, na uje kwa kutembea."

Nilirudi kwa kutembea, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa adhabu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimesimama.

Kwa ninyi vijana mnaoanza kazi, nieleze kidogo. Potasiamu ni madini tunayoyapata kwenye chakula, na moyo hauwezi kupiga sawasawa bila hayo. Ya ziada hutolewa na figo kwenye mkojo. Figo zikichoka, yanabaki kwenye damu, na yakizidi, moyo unapoteza mpigo wake. Moyo huo unaweza kusimama mtu akiwa anakuongelesha. Homa utaigusa kwa mkono na kidonda utakiona kwa macho, lakini hiki kitu hakipigi hodi. Mgonjwa atakwambia miguu mizito, basi. Nilikichukia tangu mwanzo na nakichukia hadi leo.

Kutoka hospitali hiyo ya Moshi nilihamishiwa Sanya Juu, kwenye kituo kidogo ambako kipimo cha potasiamu hakikuwepo. Mganga Mfawidhi wa pale alikuwa mpole kupita kiasi. Mgonjwa wa figo akija, mimi natembea barazani kutwa nikitazama kama gari la kumteremsha Moshi limefika, yeye ananiambia, "Sista, utachimba sakafu." Niliporudishwa mjini nikawa mimi ndiye mfawidhi wa wodi, chini ya Daktari Bingwa wa magonjwa ya ndani, mtu mwembamba, mkali, ambaye naye alikuwa hajui kukaa. Tulielewana. Alikuwa na msemo wake: "Potasiamu ikipanda bila sababu, sababu imo humu humu wodini. Itafuteni."

Ndipo akalazwa Mzee Elinami, mkulima wa kahawa kutoka Mwika, presha ya miaka mingi imemharibia figo. Potasiamu yake ilikuwa juu sana, na karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo ilionyesha mawimbi yaliyochongoka kama meno ya msumeno. Tulimpa kalsiamu kwenye mshipa, ambayo haipunguzi potasiamu bali inaukinga moyo wakati mkiendelea kuhangaika. Tukampa insulini pamoja na maji ya sukari, ili potasiamu itoke kwenye damu iingie ndani ya chembe. Ikashuka. Tukapumua.

Mkewe, Mama Ndeshi, tulimkalisha chini tukamweleza vya kukatazwa: ndizi za aina zote, parachichi, maharage, viazi. Na mtori, hasa mtori. Kitu kingine unaweza kukichemsha ukamwaga maji, potasiamu nyingi ikaenda nayo. Mtori, ambao ni ndizi zilizopikwa na nyama, unapondewa humo humo, kila kitu kinabaki kwenye bakuli. Mama wa watu alitusikiliza. Akawa anateremka kila siku na wali mweupe na kabichi iliyochemshwa, na huko nyumbani mawifi wanamnong'ona, maana kule kwetu mke anayemnyima mgonjwa mtori ni kama ana haraka ya kuitwa mjane.

Potasiamu ikapanda tena.

Daktari Bingwa alimwondolea kidonge kimoja cha presha, kile chenye tabia ya kuizuia isitoke. Damu ikachukuliwa upya, ikapelekwa polepole kama yai. Majibu yakawa yale yale. Tukaishusha kwa dawa, ikapanda. Mashine za kusafisha damu zilikuwa na foleni, na moyo wa mzee ulikuwa haujui foleni. Nilikuwa roho juu. Nilikwenda kitandani kwake bila shughuli, nikamshika mshipa wa mkono, nikaondoka, nikarudi.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, daktari alimwendea Mama Ndeshi mbele ya watu wote.

"Mama, unampikia nini huyu mzee?"

"Wali, daktari. Na kabichi."

"Na mtori?"

"Si mlinikataza?"

"Mama, ukinificha, mumeo atakufa."

Yule mama alifungua vyombo vyake kimoja kimoja, akavipanga kitandani. "Onja," alisema. "Nakwambia onja!" Daktari hakuonja. Mama akakaa akalia, na Mzee Elinami akageukia ukutani. Nilidhani anamwonea mkewe huruma. Kumbe alikuwa na lake.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mzee Munuo kutoka Sanya Juu, mwenye saratani ya koo. Maji tu yalikuwa yanampita kwa taabu, na tulikuwa tukimtegemeza kwa dripu. Binti yake, Manka, aliishi Kiboriloni, na alikuwa amefunga genge lake la mboga sokoni ili amhudumie baba. Kila jioni alikuja na hotpoti ya mtori. Baba anamwambia, "Weka hapo mwanangu, nitakula taratibu," kengele ya kuondoka inalia, binti anaondoka. Nilidhani anachokileta ndicho anachokirudisha nyumbani, na kwamba anajua baba hawezi kula.

Siku hiyo ya ugomvi sikuenda kunywa chai. Chai ningeinywaje? Wageni walipokwisha kutoka, niligeuza nikarudi wodini. Mzee Elinami alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha Mzee Munuo, kijiko mkononi. Mzee Munuo amemshikia hotpoti kwa mikono miwili.

"Mzee Elinami!"

Alimeza kwanza, ndipo akaweka kijiko chini.

"Sista, usimseme," alisema Mzee Munuo kwa ile sauti yake iliyobaki nyembamba. "Nilimwomba mimi. Mtoto akikuta chombo kitupu anafurahi. Nimfanyeje?"

Nikamgeukia Elinami. "Na wewe hukujua kwamba ni sumu kwako?"

"Nilijua."

"Sasa?"

"Mangi mwenzangu huyu ameniomba, sista. Anaona aibu mbele ya mtoto wake. Ningemwambiaje, kwamba figo zangu zimekataa?"

Sikujua nicheke au nimchape. Nilipiga kelele waje na mashine ya kipimo cha moyo. Mawimbi yalikuwa yamechongoka kuliko siku zote. Kalsiamu, insulini, sukari, na Daktari Bingwa mwenyewe akakisukuma kitanda hadi kwenye mashine ya kusafisha damu, akimwomba radhi mgonjwa ambaye ilikuwa zamu yake. Mzee Elinami alipona. Ile hali haikurudi tena.

Daktari alimsubiri Mama Ndeshi hadi saa ya kuona wagonjwa, wodi ikiwa imejaa. "Mama, nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba unisamehe." Alimsamehe. Kazi ilikuwa kwa mumewe. "Tangu umenioa hujawahi kumaliza bakuli langu," alimwambia. "La jirani umelikomba hadi ukataka kufa!" Wodi nzima ilicheka, na Mzee Munuo akacheka bila sauti, mkono kooni.

Sasa nimestaafu, niko Mwika kwenye kihamba chetu, kati ya migomba na kahawa. Wanangu wananiambia, "Mama, tulia basi." Nakaa, nasimama. Naenda kumtazama ng'ombe niliyemtazama sasa hivi. Vijana wauguzi wakinitembelea nawaambia wasiishie kuuliza kilichopikwa, waulize kilichoingia mdomoni, na kimetoka chombo cha nani. Wanaitikia. Sijui kama wanasikia.

Lakini kinachoninyanyua kitini ni Manka. Ilibidi mtu amwambie, na mfawidhi nilikuwa mimi. Nilimketisha kwenye benchi nje ya wodi, kesho yake ya ile siku ya ugomvi, alipokuja, hotpoti mapajani, bado ya moto.

"Hata kijiko hakula?"

"Hata kijiko, mwanangu. Hawezi."

Aliinuka akaingia wodini.

Siku iliyofuata alikuja asubuhi, mikono mitupu, jambo ambalo kwetu mtu analionea haya. Nilimruhusu aingie kabla ya saa. Alikaa miguuni pa baba yake akimpaka mafuta nyayo, wakiongea Kichagga kidogo kidogo, na mara nyingi bila kuongea. Mzee Munuo alifariki kabla ya kengele ya jioni, mguu mmoja ukiwa bado mkononi mwa binti.

Manka alinifuata mezani kwangu. Niliinuka nimpe pole.

"Sista, mtori unachukua asubuhi nzima," alisema. "Kumenya, kuchemsha nyama, kuponda. Siku zote hizi nilikuwa jikoni, na baba yuko huku peke yake."

Nilikuwa nimejua juzi tu kwamba baba yake alikuwa akimficha. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini haikuwa ndiyo pole aliyoihitaji.

"Mngeniambia mapema," alisema, "ningekuja kukaa."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, labda leo ningeweza kutulia.