Mabonge Kwenye Kioo cha Bwana Mwaga

Pale kituo cha maziwa, nyuma ya karakana ya magari, jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Wote walimwita Bwana Mwaga, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kuliko mengine. Kazi yake ilikuwa kupima. Unakuja na kopo lako, anachota kidogo, anatia kwenye kichupa cha kioo pamoja na spiriti, anakiinamisha dirishani penye mwanga. Kioo kikibaki laini, unamimina kwenye tangi la baridi. Yakionekana mabonge, hata madogo kama chembe za chumvi, anasema, "Mwaga," na hapo hata ulie machozi ya damu. Maziwa ya mama mkwe wake mwenyewe aliyamwaga, na mama yule hakula tena nyumbani kwake mpaka anaingia kaburini. Paka wa kituo alinenepa kama mto wa kulalia. Watu wa foleni walisema huyo ndiye pekee anayemwombea Bwana Mwaga maisha marefu.

Hakuwa katili. Alijua tu kwamba kopo moja lililoanza kuchacha likiingia tangini, jioni maziwa ya mtaa mzima yanakwenda mtaroni.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Akatoka nyumbani na viatu visivyofanana. Akamuuliza mkewe habari za kaka yake, na kaka huyo walishamzika zamani, yeye na mkewe wakiwepo makaburini. Mke mwanzoni alicheka, halafu akaacha kucheka, akamshika mkono wakaenda hospitali.

Daktari alikuwa mama mwenye sauti ya chini. Alimaliza vipimo vyake, akavuta kiti karibu.

"Baba, maziwa hufanya mabonge kwa nini?"

"Yameanza kuharibika."

"Basi ndani ya maziwa mna protini. Na kichwani zimo, za aina nyingine. Kila moja imekunjwa kwa namna yake, ndipo inafanya kazi. Sasa moja ikikunjika vibaya, inamshika jirani yake, naye anapinda vilevile. Zinashikana, zinavutana, mpaka bonge. Bonge nalo linamegeka, na kila kipande kinakwenda kuanzisha bonge lingine. Hii yako ilianza miaka mingi kabla ya hivyo viatu."

Mzee akafikiri. "Ile ya kwanza, nani aliiharibu? Kopo gani halikuoshwa?"

"Hatujui vizuri, baba. Mara nyingi hakuna wa kulaumiwa."

"Na kumwaga?"

Daktari akatazama mikono yake. "Dawa za kusaidia kidogo zipo. Kumwaga hatuwezi."

Nje, kwenye benchi, mkewe akasema, "Basi kazi uiache, mume wangu."

"Niache nikawe nani?"

"Ukawe mume wangu."

"Hiyo ni kazi ya jioni," akasema, wakacheka wote wawili, kicheko kikavu. Ndipo akamwahidi: siku atakayokosea kioo, hata mara moja, atavua koti lake jeupe la kazi.

"Na nani atakuambia umekosea?"

Swali hilo lilimnyima mke usingizi, maana mwenye maziwa mabovu akiambiwa mimina, si atafunga mdomo amimine?

Siku moja ya joto kali foleni ilikuwa ndefu na yenye mdomo. Mbele kabisa alikuwa Mama Pacha. Huyu na Bwana Mwaga wana kisa: aliwahi kumwagishwa maziwa wakati watoto wake wangali wachanga, akaondoka akimtukania ukoo mzima.

"Leo nimekuletea kitu cheupe kama shuka la harusi," akasema. "Hapa hulipati lile neno lako."

"Mdomo haupimwi hapa. Lete kopo."

Akatia spiriti, akainamisha kioo. Mabonge yakateremka ubavuni, wazi, kila aliyesimama karibu aliyaona. Bwana Mwaga akayatazama, akayatazama tena, kama mtu aliyefungua mlango akakuta sura anayoijua lakini hakumbuki walionana wapi. Aliyaona. Maana yake ndiyo iliyokuwa imeondoka.

"Safi," akasema. "Mimina."

"Leo jua limetokea magharibi!" mtu mmoja akapiga kelele huko nyuma. Akakosa wa kucheka naye.

Mama Pacha alishika kopo, tangi likiwa wazi mbele yake. "Bwana Mwaga, hebu angalia tena."

"Nimeangalia, mama. Mimina, watu wanangoja."

Akamkazia macho. Kisha akajitwika kopo lake, akalipita tangi, akatoka hadi mtaroni, akayamwaga mwenyewe mpaka tone la mwisho. Paka akaja mbio.

"Kaka," akasema aliporudi, na hakuwahi kumwita hivyo, "yalikuwa na mabonge."

Bwana Mwaga akatazama kioo, akatazama foleni. Akaanza kufungua vifungo vya koti. Kimoja kilikuwa kwenye tundu silo, kikamshinda, na Mama Pacha akamsaidia.

Siku hizi hukaa dirishani nyumbani. Mkewe humletea glasi ya maziwa, naye huiinamisha kwenye mwanga, akaikodolea macho. Mke husimama akingoja, kama watu wa foleni walivyongoja. Mwanzoni alikuwa bado anasema, "Safi." Sasa humrudishia glasi na kumuuliza, kwa adabu zote, "Mama, wewe unatoka nyumba ipi?"

"Hiihii," mke hujibu.