Maboksi Manane ya Mwalimu Demetria

Kiwalani nzima hakuna anayenizidi kujua mambo, ingawa shule niliiachia darasa la sita, tukagombana mie na hesabu. Ndiyo maana jirani yangu, Mwalimu Demetria, alipoanza kufundisha tuisheni kwenye baraza la nyumba aliyopanga, nilikuwaga nakaa karibu niwachokoze watoto.

Mwalimu amestaafu, mumewe tulishamzika, miguu imemvimba. Kilichobaki cha kumtoa kitandani ni wale watoto. Alikata maboksi ya friji, kila moja mita kwa mita, wakalitandika baraza zima. Urefu maboksi manne, upana mawili.

"Msihesabu moja moja. Urefu mara upana."

Noela yeye kila siku alijumlisha pande zote. "Kumi na mbili, mwalimu!"

"Huo ni uzio, mama. Umezunguka nje, ndani hujaingia."

"Mwacheni," nikasema, "huyo ataolewa na mlinzi wa geti."

"Na wewe, Mjomba, mbona hujaoa?" Wakanicheka hao!

Mzee Adelard, mwenye nyumba, alishasema baraza litazibwa liwe fremu ya saluni. Mwalimu alimwomba angoje watoto wafanye mtihani wa darasa la nne. Jumatatu mzee akaja na fundi wa vigae, na fundi mwenyewe kasahau futi yake.

"Hapa mita za mraba ngapi?" akauliza, anajipapasa mifuko.

Noela akaruka kabla mwalimu hajafumbua mdomo. "Nane! Nne mara mbili, nane!"

Hakuwahi kupatia kabla ya hapo.

"Nane," fundi akacheka. "Tuongeze na vya kuvunjika, mzee."

"Kesho anza," akasema Adelard.

Noela akamgeukia mwalimu, macho yanamng'aa.

"Umepatia, mama. Mpigieni makofi ya kilo."

Wakampigia, Adelard kasimama hapo hapo.

Mie mdomo wangu haukai. "Hamieni kwangu! Chumba changu uwanja wa mpira!"

Wakaja na maboksi yao. La kwanza likaingia, la pili likalazimishwa, la tatu likagonga kitanda.

"Mbili mara moja, Mjomba," Noela akasema taratibu. "Mbili."

Mwalimu hakuingia. Aliyaegemeza maboksi kwenye ukuta wangu wa nje, akarudi kwake kulala, na jua bado liko juu. Mvua za vuli zimeyalowesha, yamejikunja. Saluni ina muziki mkubwa. Sijayatupa.